Mlio wa Saa Kumi Alfajiri

Mama mkwe wangu aliingia chini ya kitanda saa kumi na dakika chache alfajiri, na alipoingia alimvuta mjukuu wake wa miaka minne akaingia naye. Nilipowasha taa niliona pindo la kitenge chake na kisigino kimoja. Hakupiga kelele. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini: "Tulia, mjukuu wangu. La pili likishapita tutatoka."

Hapakuwa na la pili. Ilikuwa ni moto ya mume wangu.

Huku Gisenyi, Rwanda, pikipiki tunaiita moto, na anayeiendesha motari. Mume wangu, Baba Zawadi, si motari wa kubeba abiria, yeye ni mtu wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Wavuvi wa Kivu hukesha ziwani na taa zao, mitumbwi mitatu ikiwa imeunganishwa kwa miti mirefu, na kunapopambazuka wanarudi wakipiga kasia kwa nyimbo. Anayechelewa ufukweni anakuta samaki wameshagawanywa. Kwa hiyo lazima aondoke nyumbani saa kumi, ajaze ndoo zake, awawahi akina mama wanaovuka mpaka wa Petite Barrière kwenda kuuza Goma, upande wa Kongo. Moto hiyo imewalipia watoto wetu karo, na sijawahi kuichukia.

Shida ilianzia kwenye ekzosi. Njia za mtaani kwetu Majengo zimejaa makoro, yale mawe meusi ya volkano yenye meno, na ekzosi iliyokwisha kuliwa na kutu haiyawezi. Iligonga jiwe ikakatika. Fundi wa kuchomelea akamwambia mume wangu kwamba mpya ni ghali. Akaipasua ile ya zamani, akaitoa matumbo, akarudisha ganda tupu. Alimwahidi kwamba moto sasa itapumua vizuri.

Hayo matumbo ndiyo yenye kazi. Ndani ya ekzosi kuna vyumba na vijibomba vyenye matundu. Mlipuko wa injini ukipita humo, mawimbi ya sauti yanagongana na kurudishana mpaka yanachoka. Ukiyaondoa, kila mlipuko unatoka jinsi ulivyo. Isitoshe, weldi ya fundi yule haikuziba vizuri. Penye ufa hewa inaingia, na motari anapoachia mafuta akiteremka, mvuke wa petroli ambao haujaungua unakutana na hewa hiyo ndani ya bomba lenye joto kali, unalipuka. Paa! Nyumba yetu iko juu kidogo ya mteremko. Kila alfajiri aliachia mafuta pale pale, mbele ya dirisha la mama yake, naye anakwenda zake bila kujua ameacha nini nyuma.

Mama alihamia kwetu baada ya Januari 2025. Tarehe 27 ya mwezi ule, vita vya Kongo vilipofika ndani ya Goma, mabomu yaliruka mpaka yakaanguka huku wilayani kwetu Rubavu na kuua raia. Tuliomo katika mji huu tunajua siku ile tulikuwa wapi. Mama alikuwa nyumbani kwake peke yake, na tangu hapo hakutaka tena kulala peke yake. Masikio yake hayaulizi mlio umetoka wapi. Mwili unatangulia, akili inafuata baadaye.

Nilimweleza mume wangu. Aliguna, akasema mwezi huu hela hakuna, mama atazoea. Kwa siku tatu tulizungumza ya chumvi na maji tu.

Wa pili kushika bendera alikuwa mtoto wetu Zawadi. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa provizwari, leseni ya muda ya udereva, ule wa maswali ishirini ndani ya dakika ishirini, ambao usipopata kumi na mbili unarudi nyumbani. Jioni moja alinisomea kwa sauti maneno ya Amri ya Rais namba 85/01 ya tarehe 2 Septemba 2002, ile ya kusimamia barabara zetu: honi ya gari iwe na mlio wa namna moja, usiokatika, tena "ridacengera amatwi", usiopenya masikio. Nilimwambia arudie. Usiopenya masikio! Kumbe walioandika sheria walifikiria hata sikio la mtu aliyesimama pembeni. Akanieleza pia kwamba Mapatano ya Vienna ya barabara, ya tarehe 8 Novemba 1968, yanataka injini iwe na kizuia sauti ambacho dereva hawezi kukifunga akiwa kitini pake.

Zawadi hakuishia hapo. Aliweka programu ya kupima sauti kwenye simu, akapiga hatua kumi kutoka kwenye moto, akamwomba baba yake aivutishe mafuta. Ilisoma desibeli 94. Simu si kipimo cha mahakamani, najua. Lakini kanuni namba 41 ya Umoja wa Mataifa, wanayoifuata Ulaya, inaikomesha pikipiki ya ukubwa wa yetu kwenye desibeli 74 kwa umbali unaokaribia huo. Zawadi akachukua kalamu. Kila desibeli kumi zinazoongezeka, nguvu ya sauti inazidi mara kumi. Ishirini ni mara mia. Kama simu ilikaribia ukweli, kila alfajiri mlangoni petu zilikuwa zikiwashwa pikipiki mia moja halali kwa pamoja. Nako Kenya, kwa kanuni zao za mwaka 2009, usiku kwenye makazi ya watu mwisho ni desibeli 35.

Baba Zawadi alitazama karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, mkuu wa mudugudu, yaani kijiji chetu, alitukumbusha kwamba sheria ya makosa na adhabu ya 2018 inamtoza mwenye kusumbua watu kwa kelele faini inayoanzia faranga laki tano. Hakutaja jina la mtu. Majirani walitazama majembe yao, nami nikatazama langu.

Hata hivyo, si faini iliyommaliza mume wangu. Jumapili iliyofuata mdogo wake aliazima moto kwenda Nyamyumba. Kwa mara ya kwanza, mlio ulipopita, mwenye moto alikuwa amekaa uani pamoja nasi. Mama alikuwa anaepua sufuria ya maharage. Paa! Sufuria ilimponyoka, mchuzi ukammwagikia miguuni, naye hata kuungua hakukuhisi: alikuwa ameshamkumbatia mtoto, mgongo wake ukielekea barabarani, kichwa ameinamisha. Akabaki hivyo. Nilihesabu pumzi zake.

Mume wangu alileta beseni la maji baridi, akapiga magoti, akamwosha mama yake miguu. Kisha akaanza kuokota maharage, moja moja, kutoka kwenye mchanga mweusi, ingawa yasingelika tena. Hatukusema neno.

Jumatatu hakwenda ziwani. Alikwenda kutafuta ekzosi iliyotumika lakini yenye matumbo yake kamili, akanunua na gasketi mpya ya maungio. Pesa ilitoka kwenye akiba ya mabati. Mvua tutaivumilia msimu mmoja zaidi. Na hata sasa alfajiri haiwashi mlangoni; anaisukuma mpaka kwenye lami, ndoo zikigongana taratibu, ndipo anapoiwasha.

Anaporudi hatumsikii. Juzi ilibidi abishe hodi kwenye lango lake mwenyewe. Mtoto akakimbia kumfungulia, na Mama, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo, hakuinua hata kichwa.