Sifa za Choo cha Uani

Mtu mwenye kazi ya mezani hapa Sumbawanga anaweza kumaliza wiki nzima bila kutembea. Bodaboda inamchukua mlangoni kwake Chanji na kumshusha mlangoni pa ofisi. Chai na maandazi vinamfuata mezani. Saa saba wali maharage unamfuata vilevile, sahani imefunikwa kwa sahani, na saa nane binti wa mama lishe anarudi kuchukua vyombo na hela yake. Umeme ananunua kwa simu, maji analipia kwa simu, na siku hizi hata rambirambi anatuma kwa simu kabla hajaulizwa kama atakwenda kuzika. Jioni bodaboda ileile inamrudisha, naye anatoka kiti cha ofisi anahamia kiti cha sebuleni kutazama mpira, yaani watu wengine 22 wakikimbia kwa niaba yake.

Mtu huyu angekuwa ameota mizizi siku nyingi kama si choo cha uani.

Nakusudia choo cha shimo, kile kilichojengwa mwisho wa kiwanja, ambacho kila mtu anakitumia na hakuna anayekitaja kwa wema. Mgeni kutoka Dar es Salaam akionyeshwa kilipo, anauliza kwa sauti ya chini kama hakuna kingine. Mpangaji akitafuta chumba, swali la kwanza ni kodi, la pili ni choo, na akijibiwa kwamba kiko nje anashusha bei papo hapo. Hivi ndivyo tunavyomlipa mtumishi anayefanya kazi usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, bila posho, bila semina, bila likizo ya mwaka. Nimeona aibu kwa niaba ya mkoa mzima wa Rukwa, nikaamua nimsemee.

Ubora wake wa kwanza ni kwamba hapokei mwakilishi. Dukani unamtuma mtoto. Kwenye kikao cha shule unamtuma mdogo wako, akasinzie badala yako. Kwa mjumbe unampeleka mama watoto, maana yeye ndiye anayejua majina ya watu. Msalani unakwenda mwenyewe, na unakwenda kwa miguu. Vijana wetu wa bodaboda wanafika popote. Wanateremka Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa na abiria wawili na gunia. Sijamwona hata mmoja aliyempakia mteja kutoka jikoni kwenda uani.

Tupige hesabu kidogo. Mabwana afya hufundisha kwamba choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani, na kwa kuwa kisima hupenda kukaa karibu na jiko, choo husukumwa mpaka kwenye mpaka wa jirani. Tuseme basi ni mita 30 kutoka mlangoni. Kwenda na kurudi ni mita 60, hatua kama 80 za mtu wa kimo cha kawaida. Akienda mara sita kwa siku, anakaribia hatua 500. Mwenye simu ya kuhesabu hatua atacheka, kwa sababu simu yake inamdai 10,000. Asicheke sana. Hiyo 10,000 haikuanzia maabara, ilianzia dukani: mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Japani iliingiza sokoni kidude cha kufunga kiunoni kiitwacho manpo-kei, kipimo cha hatua elfu kumi, na dunia ikaichukua namba ya biashara ikaifanya amri. I-Min Lee wa Harvard na wenzake walipowafuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000 wa Marekani, walitangaza mwaka 2019 kwamba waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida iliendelea kupanda hadi kama 7,500 kisha ikatulia. Deni limepunguzwa, na choo cha uani kinalipa sehemu yake kila siku bila kukumbushwa.

Tena kinalipa kwa wakati unaofaa. Watafiti wa Melbourne walionyesha mwaka 2012 kwamba watu wazito wanaoinuka kitini kila baada ya dakika 20 na kutembea dakika mbili tu, sukari yao ya damu baada ya mlo haipandi kama ya wale waliokaa mfululizo. Watu wale walihitaji mtaalamu mwenye saa wa kuwaamsha. Sisi tuna kibofu.

Na kibofu cha huku kwetu Ufipa kina bidii yake. Mji huu uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, juu ya uwanda ulioinuliwa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na upepo wa Juni na Julai ukianza hauna wa kuuzuia. Mwili ukipigwa na baridi, mishipa midogo ya ngozi inajibana, damu inakimbilia ndani, figo zinadhani maji yamezidi, zinayatoa. Mtu wa Tanga au Lindi maji yake yanamtoka kwa jasho hukohuko alikokaa. Hana sababu ya kuinuka. Huku kwetu hakuna jasho, kuna njia moja tu. Ongeza vikombe viwili vya chai ya maziwa kwa ajili ya baridi hiyohiyo, au, kwa wasiojizuia, pombe ya ulezi, na utaelewa kwamba uwanda wenyewe umekula njama na choo ili mfanyakazi wa mezani asikae.

Sasa njoo uione safari yenyewe, tuseme saa tano usiku, mwezi wa saba. Unavaa koti juu ya nguo za kulalia na kofia ya sufu. Soksi huvui, kwa hiyo unaisukuma iingie katikati ya vidole ili ndala ikamate. Mkono mmoja una kopo la maji, ambalo zamani lilikuwa kopo la rangi. Mkono wa pili una simu inayomulika. Unapita kamba ya nguo iliyofungwa kwa kimo cha shingo na mtu mfupi. Unaruka jiwe lililowekwa kwa ajili ya tope la Februari, ambalo kiangazi halina kazi ila kukujaribu. Unaongea kwa upole na mbwa wa jirani, anayekufahamu mchana tu. Kisha mlango: bati lililopigiliwa kwenye fremu, bawaba zake ni vipande vya tairi, na upepo una mamlaka zaidi katika mlango huo kuliko wewe. Hauna komeo. Unakohoa. Ukijibiwa kwa kikohozi, unarudi nyuma hatua tatu na kusubiri ukitazama pembeni, na hizo nazo ni hatua. Usipojibiwa unaingia, unaning'iniza simu shingoni, unaushika mlango kwa kamba iliyowekwa kwa kazi hiyo, na unachuchumaa.

Hapa kwenye kuchuchumaa ndipo ningeomba wasomaji wavue kofia. Mwaka 2020 David Raichlen na wenzake walichapisha utafiti walioufanya nchini mwetu, kwa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Waliwafunga vipimo mapajani wakakuta jambo lililowashangaza: Wahadzabe, wawindaji na wachimba mizizi, nao wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, kama watu wa ofisini katika nchi tajiri. Lakini maradhi ya moyo ya watu wa ofisini hawana. Tofauti mojawapo ni namna ya kupumzika. Kwa saa mbili hivi za siku Mhadzabe amechuchumaa, na aliyechuchumaa misuli ya miguu yake inaendelea na kazi, wakati aliyekaa kitini misuli yake imekwenda likizo. Choo cha kukalia, kile cha kauri nyeupe ambacho watu wanakikopea benki, ni kiti kingine tu. Mtu anatoka kiti cha ofisi, anapita kiti cha bodaboda na kiti cha sebuleni, halafu hata huko kwenye faragha anakaribishwa tena kiti! Cha uani hakikaribishi mtu kukaa. Kinampa nafasi mbili za nyayo, moja kulia, moja kushoto, na dakika chache za kazi ya mapaja ambayo mijini watu wanailipia kwa mwezi.

Mchana njia hiyohiyo ina adabu zake. Unatoka chumbani, kopo limefichwa nyuma ya paja, na mama wa chumba cha mbele anapepeta ulezi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" "Salama, mama. Za kwako?" Anaendelea kupepeta, hakuangalii mkono. Akiliona kopo, hajaliona. Ukirudi, ndipo mazungumzo yanapofunguka: bei ya gunia la mahindi, nani kajifungua, nani katoka Matai jana. Wapangaji wa nyumba moja wanaweza kumaliza mwaka bila kuingia chumba cha mwenzao, lakini njia ya uani inawakutanisha kila asubuhi, na aliyepita mara tatu ndani ya saa moja anaulizwa hali na kuletewa maji ya chumvi na sukari kabla hajaomba. Saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo haijafikia hapo.

Wala choo hiki si yatima wa historia. Mwaka 1973 redio ya taifa ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza, kisha wakainuka wakashika sururu. Vyoo vilichimbwa kwa malaki nchi nzima. Aliyewahi kuchimba shimo la mita tatu katika ardhi ya kiangazi anajua kwamba mazoezi yalianza kabla choo hakijapata paa. Karibuni tena tumesikia Nyumba ni Choo, na sauti ya Mrisho Mpoto ikituhimiza tusichukulie poa. Taifa limekisemea choo mara mbili. Mimi ni wa kuongezea tu.

Najua watakaoguna, na baadhi yao wana haki. Mtoto wa miaka minne, mjamzito wa miezi minane, bibi mwenye goti bovu, hao hawahitaji sifa zangu bali ndoo safi karibu na kitanda na mtu wa kuwashika mkono. Binti anayeogopa kutoka usiku peke yake haogopi upepo, na hilo si jambo la kutania. Na choo kilichotitia, kisicho na mfuniko, kinachotiririka kuelekea kisimani mvua zikianza Novemba, hicho sikisifu; kwa habari zake waulize watu wa bonde la Rukwa waliouguza kipindupindu.

Kuna na mwingine ambaye sifa hizi hazimhusu. Nakutana naye asubuhi bodaboda yangu ikimpita: mama anayeshuka kutoka upande wa milima ya Mbizi na mzigo wa kuni kichwani, mtoto mgongoni, miguu ya vumbi hadi magotini. Kufika saa tatu asubuhi amekwisha kutembea hatua ambazo mimi nitazimaliza Ijumaa. Hakuna aliyemhesabia. Angejua kwamba kuna mtu Mazwi analipwa mshahara, analipa nauli ili asitembee, kisha anashauriwa na daktari atafute namna ya kutembea, angetua mzigo acheke vizuri.

Adui wa choo cha uani anajulikana. Chanzo chake ni mbali: mwaka 1596 John Harington, mtoto wa ubatizo wa Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, aliandika kitabu kizima kueleza choo chake cha kumwaga maji, na toka hapo choo kimekuwa kikisogea kidogo kidogo kuelekea kitandani. Huku kwetu kimefika kwa jina la chumba masta. Pita Izia, pita Jangwani, kila nyumba mpya ina masta, hatua sita kutoka kitandani hadi kwenye kauri. Mwenye nyumba ya masta akishakuwa na tenki juu na bodaboda chini, amebakiwa na safari moja tu ya miguu, ya kwenda kufungua geti, na hiyo nayo amemwajiria kijana.

Ndiyo sababu nilishtuka kumkuta mwenye nyumba wetu uani na fundi, kamba imevutwa ardhini, shimo la karo limeanza. Nilimwendea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta kodi?"

Nikasema kodi inakuja, ila nina wazo. Nikamweleza habari za Wahadzabe na za Melbourne, nikamshauri kwamba kama choo cha ndani hakiepukiki, basi walau ufunguo wake uning'inizwe kwenye mparachichi ulio mwisho wa kiwanja, ili kila mpangaji aufuate. Fundi aliinamisha uso. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa heshima.

"Mwanangu," akasema, "choo hiki kikiisha, kodi inapanda elfu ishirini kila chumba. Bodaboda unalipa ngapi kwa mwezi?"

Nikamtajia. Hazikupishana sana.

"Basi utatembea," akasema, akamgeukia fundi kumwonyesha bomba lipite wapi.