Kichaka Kisicho na Miba

Mke wangu ni Mmaasai, mzaliwa wa kijiji cha Piyaya, mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Karatu. Likizo ya Juni ilipokaribia nilitangaza mezani kwamba safari hii hatuendi ukweni kukaa kwenye vigoda na kunywa chai tu. Tutaingia porini. Tutakula matunda ya asili, tutanusa magome, na watoto wataijua mimea kwa macho yao badala ya kuichora kutoka ubaoni. Mke wangu aliendelea kuchambua maharage bila kusema neno. Baada ya miaka kumi na miwili ya ndoa nilipaswa kuujua ukimya ule.

Tulipita lango la Lodoare alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Tulipoteremka hadi karibu na Oldupai nikamwomba dereva asimame, nikaanza kazi. Niliwaonyesha watoto mkonge pori, ule wenye majani magumu yaliyochongoka kama mikuki, nikawaambia Wamaasai wanauita oldupai na ndio uliolipa bonde lile jina. Mwaka 1911 alikuja Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, akalisikia jina vibaya, na dunia nzima ikawa inaandika Olduvai. “Mnaona?” nikasema. “Mtu akienda ugenini bila kusikiliza wenyeji, anawapoteza hadi maprofesa.” Niliipenda sana sentensi ile. Mke wangu naye aliipenda, maana kabla jua la kesho yake halijatua alikuwa amenirudishia mara nne.

Piyaya tulipokelewa vizuri. Watoto waliinamisha vichwa wazee wakawagusa utosini. Mama mkwe alinisalimu kwa mbali, nami nikaitikia nikitazama mbuzi, kwa sababu kwao, kama ilivyo kwa wengi wetu, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawazoeani. Jioni yakaja maziwa kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto cha oloirien, yaani mzeituni pori, na yale maziwa yana harufu ya moshi ambayo ukiizoea huwezi kuyarudia ya pakiti. Mwanangu mkubwa alionja akanong'ona, “Baba, yameungua.” Nikamkanyaga mguu.

Asubuhi tukatoka: mimi, mke wangu, mdogo wake wa kike, shemeji aliyebeba nyama ya mbuzi begani, watoto wangu wawili, na binti wa huyo mdogo wake mke wangu, mwenye miaka tisa, ambaye aliambiwa awachunge wanangu kama anavyochunga vitoto vya mbuzi. Mama mkwe alisema hatakuja, kisha akaja, akitembea nyuma kabisa na fimbo yake. Mimi nilitaka tuelekee tambarare, shemeji akakata shauri: upande ule kuna mawe ya mipaka ya hifadhi ya Pololeti tangu 2022, tupande huku kwenye vilima. Tukapanda.

Somo la kwanza lilikuwa eluai. Ni mgunga mfupi wenye miba iliyovimba chini kama vifundo vyeusi. Ndani ya vifundo wanaishi sisimizi, na kwa kuwa wanatoboa matundu ya kuingilia, upepo ukivuma mti mzima unapiga mluzi. Hilo nalifundisha kila mwaka. Nilichokuwa sijawahi kufanya ni kuinamisha tawi hadi sikioni ili watoto waone jinsi ya kusikiliza. Sisimizi wa eluai ni askari, kazi yao ni kumfukuza kila anayegusa nyumba yao, awe twiga au mwalimu. Wawili waliingia sikioni, wengine wakashuka kwenye kola.

Niliruka kinyumenyume bila kutazama, nikaangukia kwenye oiti. Kwa Kiswahili mti huu ni kikwata, na aliyeupa jina hilo naamini alikuwa bado amenaswa. Miba yake imepinda kama ndoana. Ukijivuta inakushika, ukirudi inakukumbatia. Shemeji alinichomoa mwiba mmoja mmoja kwa subira, akisema tulia, tulia, kama anavyosemeshwa ndama. Tulipomaliza, shati lilikuwa zima. Suruali ilikuwa imepasuka nyuma kuanzia mkanda kuteremka, na kipande cha ukubwa wa leso kikabaki mtini. Mke wangu alinitazama, akasema, “Mtu akienda ugenini bila kusikiliza wenyeji...” Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Nikajifunga jezi ya mwanangu kiunoni, tukaendelea.

Juu ya kilima tulikuta kile nilichokifuata: olamuriaki, kichaka cha matunda madogo yanayoanza na wekundu yakaishia zambarau iliyokolea, matamu. Kiswahili nacho kina jina lake, ila mbele ya wakwe silitamki. Shemeji akanigeukia: “Huu ndio ule mugariga wenu.”

Nikasimama kama niliyemwagiwa maji. Mwaka 2011, wakati nchi ilipohamia Samunge kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo (alifariki 2021, Mungu amrehemu), mimi pia nilikwenda, nikiwa na kiuno changu kibovu. Tulilala kwenye foleni ya magari usiku tatu ili kunywa kikombe kimoja cha shilingi 500. Dawa ilikuwa mizizi iliyochemshwa ya mugariga, kama Wasonjo wanavyouita. Na sasa naambiwa upo hata nyuma ya zizi la mama mkwe, mbuzi wanajikunia. Ningeoa miaka miwili mapema ningeokoa nauli.

Kwa hiyo niliyala yale matunda kwa hasira ya mtu anayedai chenji. Lakini olamuriaki nao una miba, mirefu, imesimama mahali hasa ambapo kidole kinataka kupita. Baada ya matunda kumi vidole vyangu vilikuwa vinatoka damu. Ndipo nikaona, hatua kama ishirini pembeni, kichaka kingine. Majani yale yale magumu yanayokaa mawili mawili. Utomvu ule ule mweupe. Matunda yale yale ya zambarau, tena makubwa kidogo. Na hakikuwa na mwiba hata mmoja! Nikawaita wanangu, nikaanza kuwaeleza kwa sauti ya darasani kwamba mimea hutofautiana hata ndani ya aina moja, hivyo mtafutaji mwenye akili huchagua. Wa mwisho alikuwa ameshakinga kofia. Mimi tunda lilikuwa limegusa mdomo.

“Baba mkubwa, tupa!”

Binti wa miaka tisa aliupiga mkono wangu kwa fimbo yake ya kuchungia, kofia nayo ikapaa. Kisha, akikumbuka heshima, akaeleza kwa upole, macho chini: “Hiyo ni olmorijoi. Ya miba tunakula sisi. Isiyo na miba ni ya mishale.”

Msunguti! Ule ambao wawindaji wa tangu zamani huuchemsha hadi uwe kama lami nyeusi, wakapaka mishale ya kuangushia mnyama mkubwa. Nimeusoma. Najua hata kwamba wataalamu huuweka kwenye familia moja na olamuriaki. Kwenye kitabu, lakini, haukuwa umesimama juani ukinichekea.

Kwa kelele zile mama mkwe akapanda kilima mbio, fimbo mbele, akidhani chui. Nilipomwona anatokea nilifanya kile ambacho kila mkwe mwenye adabu angefanya: nikageuka upesi nikampa mgongo.

Jezi ilikuwa imeshaanguka tangu nilipopigwa fimbo.

Sijui kimya kile kilidumu muda gani. Nakumbuka mluzi wa eluai kutoka bondeni. Kisha kitu kizito kikatua begani mwangu, shuka jekundu, limerushwa na mtu ambaye bila shaka alikuwa anatazama upande mwingine. Nililivaa bila kugeuka.

Mchana shemeji alichoma nyama na kuchemsha supu ya magome ya olkiloriti, chungu, ya rangi ya chai kavu, ambayo wanasema inasaga nyama tumboni na kumpa mtu nguvu. Nilikunywa vikombe viwili nikiwa nimekaa peke yangu kwenye jiwe. Mke wangu akaja na ujumbe kutoka kwa mama yake, ambao aliufikisha huku machozi ya kicheko yakimtoka: mama anauliza kama huyu ndiye anayefundisha watoto wa Karatu sayansi.

Shuka ninalo hadi leo, halikudaiwa. Kipande cha suruali, cha rangi ya bluu, bado kiko kwenye oiti, mkono wa kulia unapoanza kupanda kilima. Ukipita Piyaya ukakiona, tafadhali usijaribu kukichomoa.