Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: nyundo zipigwe marufuku

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,

YAH: OMBI LA KUZUIA WANUNUZI WA NYUMBA KUJA NA MAFUNDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dalali wa nyumba, Dar es Salaam. Jina langu hulijui, ila namba yangu ya simu umeipita mara nyingi ukielekea Goba au Bunju, imeandikwa kwa rangi kwenye nguzo na kwenye vibao vilivyogongelewa miembe. Sina ofisi wala kitabu cha risiti. Nina pikipiki, simu mbili na nyumba za watu. Naandika kwa niaba ya wenzangu kukuarifu kwamba biashara yetu imevamiwa.

Zamani mteja alikuja Jumamosi na mkewe na shangazi. Wanatazama vigae, wanafungua kabati za jikoni, shangazi anasema panapendeza, jioni tuko kwa mwenyekiti wa mtaa tunaandikishana. Tangazo lilisema "maongezi yapo", lakini hiyo ilikuwa adabu tu, kama mtu anayekula kukwambia karibu. Hatukutarajia uvute kiti. Siku hizi wanavuta kiti, Mheshimiwa. Tena wanakuja na fundi.

Chukua nyumba ya Madale. Vyumba vinne, dari ya jipsamu yenye taa za rangi tatu, geti jeusi lenye vichwa vya simba. Bei milioni 185, maongezi yapo. Akaja mama mmoja, mwalimu mstaafu, mafao yake yako benki, mtu wa salamu ndefu na sauti ya chini. Nikasema moyoni huyu ni wangu. Nyuma yake kulikuwa na kijana ameshika nyundo ndogo na ndoo. "Mpwa wangu huyu," akasema, "anajifunza kazi." Mheshimiwa, yule kijana alikwisha kujifunza siku nyingi.

Kwanza alitoa gololi mfukoni akaiweka katikati ya sebule. Hakuisukuma. Ikakaa kidogo, ikafikiri, ikaanza safari yenyewe: ikapita meza ya kulia, ikaingia koridoni, tukaisikia ikigonga mlango wa choo. Hakuna aliyesema neno. Kisha akagonga vigae kwa mpini wa nyundo, kimoja kimoja, na vingine vikaitika vitupu kama mlango usio na mtu. Akaomba tusogeze kabati la chumba kikubwa. Nikamwambia ni zito. Akalisogeza peke yake. Nyuma yake kulikuwa na ufa unaoshuka kwa ngazi, tofali hadi tofali, kutoka pembe ya dirisha mpaka sakafuni. Mama akatoa sarafu ya shilingi mia mbili kwenye pochi, akaiingiza. Ikaingia.

Nje walikuta rangi mpya, lakini mpya mpaka usawa wa goti tu. Kijana akakwangua kwa ufunguo, ikadondoka chumvi nyeupe. Akamweleza shangazi yake, taratibu, kana kwamba mimi sipo, kwamba aliyejenga hakuweka nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, kwa hiyo maji ya ardhini yanapanda ukutani na chumvi yake, na rangi yoyote utakayopaka itabanduka baada ya masika. Ni kweli, Mheshimiwa, ndiyo maana nyumba kama hizi tunaziuza Januari na Februari au Agosti na Septemba. Mtu aliyesomea kazi hii haonyeshi nyumba Aprili.

Mengine waliyoyaona nayapita haraka: mchwa kwenye kenchi, waya wa ethi unaotoka kwenye soketi na kuishia ndani ya plasta bila kufika ardhini, na ndoo mbili za maji zilizomwagwa chooni zikaibukia kwenye chemba ya uwani mbele ya macho yetu.

Nikafanya kama taaluma yangu inavyonielekeza. Nikasema tutapaka rangi. Mama akanitazama kwa upole: "Mwanangu, rangi nitapaka mwenyewe. Mimi nanunua ukuta."

Baada ya siku chache akaleta karatasi yenye mistari, mwandiko wa ubaoni, kila ubovu na gharama ya kuurekebisha iliyotolewa na fundi, jumla milioni 14. Bomba linalotonya jikoni hakuliandika, wala kitasa kilicholegea. Nilipouliza akasema hayo ni ya kuhamia nayo, hawezi kumgombeza mtu mzima kwa sababu ya washa. Hapo ndipo nilipoogopa. Mteja anayelalamikia kila kitu unampunguzia laki tano anaondoka ameshiba. Anayelalamikia ufa, unyevu, paa, umeme na shimo la choo peke yake, huyo amekaa na watu.

Nikamwambia basi, mwenye nyumba atatengeneza yote kabla ya kukabidhi. Nilidhani nimempa zawadi. Akakataa! Eti muuzaji anayekarabati nyumba anayoiacha ataita fundi wa bei rahisi kuliko wote, ataziba ufa kwa saruji juu juu, na yeye atakuja kuulipia upya mvua zikianza. Anataka bei ipungue atengeneze kwa fundi wake. Na kwa lile lisiloweza kungoja, yaani shimo la choo, fedha kidogo ya malipo ibaki kwa wakili mpaka kazi ikaguliwe. Sasa jiulize, Mheshimiwa, haya mambo wanafundishana wapi?

Naomba nikufafanulie kwa nini jambo hili ni la kitaifa. Mwenye nyumba, mzee wa watu, aliniambia anataka 170. Mimi nikatangaza 185. Hizo 15 za katikati ndizo cha juu, nje ya asilimia tano yangu ya halali. Kwa hiyo mteja akikata milioni 14 kwa ajili ya mchwa na chumvi, asidhani anamkata mwenye nyumba. Anakata ada ya watoto wangu. Ndiyo maana utaratibu wetu ni kwamba muuzaji na mnunuzi wasionane mpaka siku ya kusaini, na kila anachosema mmoja kimfikie mwenzake kupitia kwangu kikiwa kimelainishwa.

Mama akachukua namba ya mzee kwa jirani. Wakaketi wawili chini ya mwarobaini, karatasi katikati. Alipotaja 185, mzee akauliza, "185 ipi?" Sitaki kurudia kilichofuata. Mama akaanza kukata upya, kutoka 170. Mzee akasema basi nitatafuta mteja mwingine, na mama akamjibu bila kupandisha sauti: "Tafuta, kaka yangu. Ila mimi nikiondoka, ufa unabaki na wewe." Wakafungana kwenye 160, tano kati ya hizo zikabaki kwa wakili mpaka shimo jipya lichimbwe. Mimi nikalipwa asilimia yangu ya 160 na nikaambiwa asante.

Kwa masikitiko haya, Mheshimiwa, tunaleta maombi yetu.

Tunaomba nyundo, gololi na ndoo zitambuliwe kuwa silaha ndani ya nyumba inayouzwa. Majirani wasiruhusiwe kuzungumza na wanunuzi, hasa wazee waliokuwepo kwenye mafuriko ya Desemba 2011, wale wanaokuonyesha kwa mkono pale maji yalipofika, wakati mimi nimeshatumia fedha kupaka pale pale. Wengine hukumbuka mpaka ile X nyekundu ya kubomolewa. Zile nyumba za Kimara zilizobomolewa 2017 kupisha barabara ya Morogoro ziliwafundisha watu kukwangua rangi ya ukuta wa mbele kabla ya kuuliza idadi ya vyumba.

Tunaomba pia wananchi waendelee kuamini kwamba mthamini ndiye mkaguzi. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 imetupatia wathamini waliosajiliwa, watu makini, na tunawapenda kwa dhati. Mthamini anaiambia benki nyumba ina bei gani sokoni, na benki itapata ngapi ikilazimika kuiuza haraka. Hakutumwa kupanda darini kuhesabu mchwa. Lakini taarifa yake ina mhuri, na mimi nikimwonyesha mteja mhuri nikasema "nyumba hii imekaguliwa mpaka na benki", hulala usingizi. Usimwamshe.

Sheria ibaki ilivyo. Mtu akinunua feni dukani ikawa haizunguki, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamtazama muuzaji kwa jicho baya. Nyumba si bidhaa, ni ardhi na kilicho juu yake, na hapo mnunuzi anaambiwa ajihadhari mwenyewe. Mkataba wetu una sentensi moja tamu kuliko zote, kwamba mnunuzi ameikagua nyumba na ameridhika nayo kama ilivyo. Mtu mwenye feni ya elfu hamsini ana ulinzi. Mwenye nyumba ya milioni 160 ana hiyo sentensi, na ameisaini mwenyewe. Tunaomba isiguswe.

Na tafadhali sana, wizara isipeleke ziara ya mafunzo Scotland. Huko tangu mwishoni mwa 2008 muuzaji ndiye anayelipia ripoti ya ukaguzi kabla ya kuitangaza nyumba, na kila mnunuzi anaisoma kabla ya kutaja bei. Fikiria, mzee wa Madale atangaze mchwa wake mwenyewe! Afadhali England, ambako mnunuzi ndiye anayelipia ukaguzi. Ingawa nako, kwa kuwa bei haimfungi mtu mpaka mikataba ibadilishane mikono, watu hurudi na ripoti wakaanza kukata. Nina mteja Mtanzania aliyeko Reading ambaye amekataa kutuma hata senti mpaka apelekewe picha za ndani ya dari. Kenya wana sheria ya mawakala wa nyumba tangu miaka ya 1980, yenye bodi na usajili. Muswada wetu wa aina hiyo tunausikia ukitajwa, na tunauombea afya njema huko huko uliko.

Mheshimiwa, naomba majibu kabla mvua za Machi hazijaanza. Nina nyumba moja nzuri bondeni, rangi haijakauka vizuri, na mteja wake ameniuliza kama anaweza kuja na mpwa wake.

Wako mtiifu,
Dalali (namba iko kwenye nguzo)

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, kwa taarifa. Yeye alikuwepo.