Heko kwa Mawazo

Kwenye daftari langu la zahanati maneno haya yamejirudia mara nne, kwa mwandiko uleule: "Apunguze chumvi. Apunguze mawazo." La chumvi nimelitii. Mama watoto amegeuza kijiko kuwa nusu kijiko, na mchicha wa nyumbani kwangu sasa una ladha ya maji ya mvua. La mawazo ndilo lililonikalisha kitako. Yanapunguzwaje, kwa sado au kwa debe? Na yale yaliyopunguzwa unampelekea nani?

Basi nimeamua kuyatetea. Mimi ndiye ninayelala nayo. Nesi anayaona kwa dakika tano tu, nikiwa nimefungwa kile kitambaa cha kupimia presha mkononi.

Kwanza yana ukoo. Wapo watu wazima wanaoitwa Mawazo, kama walivyo akina Shida na Tabu, na ukiwaita wanaitika. Sijasikia mtoto aliyepewa jina la Msongo. Msongo wa mawazo ni wa watumishi, unaendana na likizo. Stresi ni ya vijana, inatibiwa kwa muziki. Sisi wa jembe tuna mawazo matupu, yasiyo na cheo. Halafu yanakondesha bure, kazi ambayo matajiri wa Masaki wanailipia kila mwezi. Na yanampata mtu popote alipo. Mimi naishi Ulaya, na kabla hujaniagiza viatu, ni Ulaya ya Kilosa, njia ya Mikumi. Nina binamu Dar es Salaam anayewatambia wenzake kwamba kaka yake yuko Ulaya. Sijamsahihisha, nalo hilo ni mojawapo ya mawazo yangu.

Lakini hizo ni sifa ndogo ndogo. Sifa kuu ya mawazo ni ulinzi.

Mahindi yakianza kubeba, tembo hutoka upande wa Hifadhi ya Mikumi. Hifadhi hiyo imekuwapo tangu 1964, na tembo wake hawajapata kuonyeshwa ramani. Hapo ndipo sisi tunapohamia kwenye dungu: nguzo nne, fito za kulalia, nyasi juu. Silaha ni debe la kugonga, tochi, na kamba tuliyozungusha shamba zima, imening'inizwa matambaa yaliyolowekwa oili chafu na pilipili. Pilipili inafanya kazi mpaka mvua inyeshe. Mbwa anafanya kazi mpaka amwone tembo mwenyewe, kisha anakumbuka ana shughuli nyumbani. Kijana wa kukodi anafanya kazi mpaka saa nne, kisha anakoroma kwa sauti ambayo mwanzoni nilidhani ingetusaidia.

Mawazo hayakoromi. Saa saba na nusu inaingia zamu ada ya binti aliyeko chuoni. Saa nane anapanda ngazi mkopo wa vikoba, akiwa na majina ya wadhamini wangu wote. Saa tisa unafika ukuta wa jikoni, ule wenye ufa, unaniuliza kama mvua za mwaka huu nimezisikia. Saa kumi, jogoo hata hajajinyoosha, anakuja marehemu baba kutaka kujua kwa nini niliuza lile shamba la mtoni. Hakuna anayechelewa, hakuna anayetuma udhuru, na hakuna pengo kati ya zamu na zamu hata la kupenyeza lepe la usingizi. Onyesha kampuni ya ulinzi mjini yenye nidhamu hiyo! Ningekuwa na uwezo ningeyashonea sare, niyape kofia na kirungu, niyaandikishe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, na siku ya kustaafu niyaagizie keki. Ila hayastaafu. Baba alinirithisha yake yakiwa bado na nguvu zote.

Kwa miaka sita mfululizo, tembo aligusa ukingo tu wa shamba langu. Majirani walidhani nina dawa.

Mwaka jana nikatii. Niliposomewa daftari mara ya tatu niliona haya, nikaamua kupunguza. Nikameza vidonge viwili vya mafua, vile vinavyosinzisha, nikapanda dunguni, nikalala kama gogo. Nilipoamka jua lilikuwa limeshapanda, na ekari mbili na nusu zilikuwa zimelala chini kama mkeka. Katikati ya shamba palikuwa na kinyesi cha ukubwa wa ndoo, bado kinafuka mvuke.

Nilikwenda kutoa taarifa. Kwa mtendaji nikajaza fomu. Fomu ikaenda kwingine, ikarudi imekosa muhuri, ikaenda tena. Wiki ya tano akaja mtu wa kufanya tathmini, amevaa viatu visivyopenda umande. Mabua yalikuwa yameoza na mengine ng'ombe wameshamaliza. Akasimama ukingoni, akaniuliza, "Mzee, una uhakika walikuwa tembo?"

Nikamwambia hapana, walikuwa sisimizi, ila wale wakubwa.

Hakucheka, akaandika. Mpaka leo sijui aliandika nini, na naomba msomaji aniwie radhi, kwa maana hapa nilipaswa kuendelea kusifu na mkono unatetemeka. Kanuni za 2011 ziliweka malipo ya shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kutegemea shamba liko umbali gani na mpaka wa hifadhi, mwisho ekari 5. Na kwa kanuni hizo, ukiwa ndani ya nusu kilomita hupati kitu, ni kama wewe ndiye uliyekwenda kulima mlangoni kwa tembo. Serikali nayo ni kweli haikumdanganya mtu. Haikuyaita malipo hayo fidia, iliyaita kifuta jasho. Tembo akiua mtu, familia inapewa kifuta machozi. Kwa hiyo kitambaa cha jasho kipo, cha machozi kipo. Cha macho makavu yanayokodoa usiku kucha hakijatungiwa kanuni.

Wasomi wamelisoma jambo hili la mawazo kuumiza mwili, si kwamba halijulikani. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montréal, alieleza jinsi panya aliowaweka kwenye baridi, aliowachosha na aliowadunga sumu walivyoumia miili kwa namna ileile, haidhuru adha ilikuwa ipi. Robert Sapolsky, Mmarekani aliyewafuata nyani wa Kenya kwa miaka mingi, alitoa kitabu mwaka 1994 kueleza kwa nini pundamilia hapati vidonda vya tumbo. Pundamilia anakimbizwa na simba, mwili wake unawaka, akisalimika anarudi kula nyasi na mambo yameisha. Ni kweli. Pundamilia hana fomu iliyokosa muhuri.

Hata semina tumeletewa, ya afya ya akili, kwenye darasa la shule, na soda. Tulifundishwa mbinu za kukabiliana na msongo. Fanya mazoezi, akasema mwezeshaji, mbele ya wanawake waliotoka kupalilia tangu alfajiri. Lala kwa saa nane kila usiku. Mama mmoja akanyoosha mkono akauliza kama ni yeye anayelala au ni mahindi. Chukua likizo. Hapo darasa zima liliangua kicheko, na kwa kweli hicho kicheko kilinisaidia kuliko soda.

Zimbabwe wana neno la Kishona, *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi, yaani haya haya mawazo yetu. Daktari Dixon Chibanda wa Harare hakumwandikia mtu apunguze. Kuanzia 2006 aliweka benchi la mbao nje ya zahanati, akamkalisha hapo bibi wa mtaani aliyefunzwa kusikiliza. Bibi anakuuliza ni lipi hasa linalokukosesha usingizi, mnalichagua moja, mnalitafutia njia. Benchi hilo limeshafika hadi Zanzibar. Sisi nasi benchi tunalo, refu na imara, chini ya mwembe. Ni la kusubiria.

Wiki iliyopita nilikalia hilo benchi kuanzia saa moja. Nesi ni mmoja, foleni watu thelathini na kitu. Zamu yangu ilipofika akanifunga kitambaa, akabonyeza, akatazama, akaguna.

"Baba, imepanda tena. Unalala kweli?"

"Silali, binti yangu. Nalinda."

Akashika kalamu, akaandika "Apunguze chumvi". Kisha kalamu ikasimama. Akageuka kuuangalia mlango kama kuna anayesikiliza, akashusha sauti.

"Hivi shamba lako si lile la karibu na mkuyu?"

"Ndilo."

"Langu ni la tatu kutoka pale, lenye ufuta pembeni. Juzi wamenilia nusu ekari, nami usiku huo nilikuwa na mzazi huku hadi asubuhi." Akameza mate. "Sasa baba, kwa kuwa wewe hulali, ukiwasikia, ugonge debe na upande wangu."

Nikamwambia nitagonga. Akamalizia kuandika, "Apunguze mawazo", akapiga muhuri, akaita anayefuata.