Muulize Bibi Jabali

*Shikamoo Bibi. Tulijuana kwenye kundi la WhatsApp, tukaondoka Maskati watu sita kwenda kupanda Jebel Shams. Kijana mmoja kajipa uamiri wa safari. Kabeba chupa moja ya maji, spika na kilo nzima ya halua. Saa nne asubuhi chupa imekauka, anatuzungukia: "Jamani, si sote ndugu?" Nimpe au nimnyime?*
*Mwenye Lita Tano, Ruwi*

Marahaba mwanangu. Mpe. Lita moja ni kilo moja. Yeye mwenyewe, akizimia, sijui ni kilo ngapi, na wa kumteremsha ni nyinyi. Ila mpe kwa masharti. Spika izimwe. Halua aibebe mwenyewe na asiiguse, maana sukari itamzidishia kiu, na kilele kile cha karibu mita 3,000 si mahali pa kutegemea kukuta maji njiani. Uamiri nao auvue. Amiri wenu ni zile alama nyekundu, nyeupe na njano zilizopakwa kwenye mawe. Hizo haziombi maji ya mtu. Safari ijayo kutaneni mapema, kila mtu afungue begi lake mbele ya wenzake. Mchumba hupelelezwa kabla ya posa, sembuse mtu utakayelala naye hema moja?

*Bibi, wenzangu wapya wanataka tulale kwenye mchanga wa wadi (bonde kavu la mto), laini kama godoro. Mbingu safi, wingu hamna. Nimekataa, wananiita mwoga.*
*Mwoga wa Nizwa*

Waulize huo mchanga kauleta nani. Mvua hunyesha huko juu msikokuona, mwamba mtupu hauinywi, basi maji yote yanashuka bondeni kwa pamoja, na mawe yake. Nyinyi mmelala mnahesabu nyota. Tazama vijiti na taka zilizonasa kwenye matawi ya miti: maji yalifika hapo. Piga hema juu zaidi ya hapo, ukingoni. Wakikuita mwoga, itika. Asubuhi wapikie kahawa, uitie iliki ya kutosha.

*Mimi ni mzito wa mwendo. Wananingoja kivulini, nikifika tu wanainuka, "haya twende!" Wao wamepumzika, mimi bado.*
*Kisigino*

Uonevu huu ni wa kale, na wanaoufanya hujiona wakarimu. Wewe tangulia mbele, wao wafuate mwendo wako. Na mapumziko yahesabiwe tangu wewe ulipokaa kitako. Atakayenung'unika mwongezee mzigo: mpe hema.

*Kwenye njia ya As Sab, kile kijiji kilichohamwa, mwenzetu anataka picha amesimama ukingoni mwa korongo kwa mguu mmoja. Nimpige?*
*Mpiga Picha*

Kwanza akupe namba ya siri ya simu yake. Mamaake ataitaka hiyo picha.