Mwongozo kwa Aliyeagizwa Kuifundisha Kompyuta Kubofya

Hongera kwa uteuzi. Ofisini kwenu kuna programu ya uhasibu iliyonunuliwa kabla hujaajiriwa, na kila mwisho wa mwezi dada wa uhasibu hukaa mbele yake akibofya "Hifadhi", ankara moja baada ya nyingine, hadi kidole kinakufa ganzi. Bosi alikuona siku moja ukichomoa karatasi iliyokwama kwenye printa, akahitimisha kwamba wewe ni mtaalamu wa TEHAMA. Sasa anataka uandike skripti ya kubofya kitufe hicho badala ya binadamu. Kazi ya dakika tano, amesema, na kwa kuwa hujawahi kuifanya, umemkubalia.

Mwongozo huu utakusindikiza kwa kupitia vituo vyote walivyopitia waliokutangulia, bila kuruka hata kimoja.

Kwanza kabisa, usifungue menyu. Programu nyingi za aina hii zina mahali pa kuingizia ankara zote kwa mkupuo kutoka kwenye faili la CSV. Nyingine zina njia ya mkato: Alt pamoja na ile herufi iliyopigiwa mstari kwenye kitufe, na kazi inafanyika bila mausi. Ukiligundua hilo mapema, shughuli itaisha kabla ya chai ya saa nne. Usiwaulize waliowauzia programu pia. Wanaweza kukujibu.

Chagua zana. Kuna AutoIt, ya mwaka 1999, kuna AutoHotkey, ya mwaka 2003, na wapenzi wa Python wana PyAutoGUI. Zote ni za bure, na zote zina tabia moja ya hatari: mara ya kwanza zinafanya kazi. Utaandika mistari mitatu, kishale kitateleza chenyewe kwenye skrini, kitabofya, ankara itahifadhiwa, na wenzako watajipanga nyuma ya kiti chako. Mwite na bosi aone. Mwambie imekwisha.

Mistari yako mitatu inasema hivi: nenda pikseli 812 kulia na 540 chini, bofya. Humo hamna habari yoyote ya kitufe. Ni kama kumwelekeza mgeni kwako ahesabu nyumba tatu kutoka pale lilipoegeshwa gari jeupe; gari likiondoka, mgeni atahesabu kwa uaminifu uleule na kubisha hodi kwa watu wasiomjua. Laptopu yako inaonyesha vitu kwa ukubwa wa asilimia 100, ambao Windows huuhesabu kuwa pikseli 96 kwa inchi. Kompyuta ya dada wa uhasibu, ambaye amechoka kukunja macho, imewekwa asilimia 125. Kitufe cha 812 kwa 540 kimehamia 1015 kwa 675, na pale kilipokuwa sasa pamekaa kitu kingine. Omba Mungu kisiwe "Futa". Kibaya zaidi, skripti isipojitangaza kwamba inautambua ukuzaji huo, Windows huidanganya kwa upole: huipa vipimo vya skrini ya kufikirika, hivyo namba utakazochapisha ili kutafuta kosa zitaonekana ziko sawa kabisa.

Akitokea mtu akachomeka skrini ya pili na kuiweka kushoto kwa ile kuu, utakutana na vipimo hasi. Na kama dada wa uhasibu anatumia mkono wa kushoto, akawa amebadilisha vibonye vya mausi, amri yako ya kubofya "left" itamfungulia menyu ya kubofya kulia. AutoIt ina neno "primary" kwa ajili hiyohiyo, lakini liko kwenye maelezo ya matumizi, na maelezo ya matumizi tumekubaliana hayasomwi.

Skripti ikianza kugoma, fanya kile ambacho kila mtu hufanya: iambie isubiri. Weka nusu sekunde kabla ya kubofya. Ikigoma tena weka sekunde mbili, kisha kumi. Kusubiri kipofu kuna raha yake, maana kila ukiongeza muda tatizo linaondoka kwa siku kadhaa na wewe unajisikia umelitatua. Halafu inafika tarehe 30, kila mtu ofisini anaikimbilia seva, dirisha linachukua sekunde kumi na moja kufunguka, na skripti yako inabofya juu ya barua pepe ya mtu. Amri za kusubiri dirisha lenyewe litokee zipo, WinWaitActive ikiwa mojawapo. Lakini hata nazo hazitoshi, kwa sababu dirisha hufika kabla ya kitufe chake kuamka. Kinakuwepo, kina jina, kina mahali, ila ni cha kijivu. Skripti inakibofya bila kinyongo, nacho hakisemi neno. Asiyeuliza kwanza kama kitufe kimewashwa ataapa mbele ya wazee kwamba alikibofya, na atakuwa anasema kweli.

Kituo kinachofuata ni picha. Utasikia kwamba PyAutoGUI inaweza kuitafuta picha ya kitufe kwenye skrini, nawe utafurahi kama mtu aliyepata dawa. Ikitumika kama ilivyo, inalinganisha pikseli kwa pikseli. Kwa hiyo piga picha ya kitufe kwenye kompyuta yako, jitumie kwa WhatsApp, kisha ishushe kwenye kompyuta ya uhasibu. WhatsApp itakuwa imeibana picha njiani. Kwa macho yako ni ileile, kwa skripti ni kitu ambacho haijapata kukiona. Ukishalirekebisha hilo utakutana na fumbo bora zaidi: ankara ya kwanza inahifadhiwa, ya pili inagoma, kila siku, bila kukosa. Watu hukesha kwa sababu hii. Kishale kimebaki juu ya kitufe baada ya kubofya mara ya kwanza, na kitufe kilichokanyagwa na kishale hubadilika rangi kidogo. Hakifanani tena na picha yake. Hapo wengine husogeza kishale pembeni na mambo yanaisha, lakini wewe ongeza maktaba ya OpenCV, shusha kiwango cha kufanana hadi asilimia 60, na uangalie skripti inavyoanza kuona "Hifadhi" hata kwenye nembo ya kampuni.

Ukichoka na picha utaanza kukiita kitufe kwa jina, na hapa ndipo ulipostahili kuanzia. AutoIt inakuja na kijizana cha kuchungulia madirisha. Ukikielekeza kwenye kitufe kinakuambia kwamba kinaitwa Button3. Usishangilie. Hilo ni namba ya foleni tu. Toleo jipya la programu likiongeza kitufe cha "Msaada" mbele yake, Button3 ni mwingine na wako amekuwa Button4. Maandishi ya juu ya kitufe ni ya kuaminika zaidi, ila "Hifadhi" unayoisoma wewe huenda ndani imeandikwa "&Hifadhi". Alama hiyo ndiyo inayopiga mstari chini ya herufi, na kwa kompyuta inayolinganisha herufi kwa herufi, hayo ni maneno mawili tofauti.

Au utaelekeza kijizana hicho kwenye kitufe, kisha kwenye kisanduku cha kuandikia, kisha kwenye jedwali, na kila mara kinakujibu jina moja: SunAwtFrame, au Chrome_RenderWidgetHostHWND. Maana yake programu imeandikwa kwa Java, au ni ukurasa wa wavuti uliovikwa nguo za programu. Kwa Windows, dirisha zima ni turubai moja. Vitufe vyote humo ndani vimechorwa, na kuviita kwa njia ya zamani hakutakusaidia.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ni sehemu pekee ya safari hii inayonivutia kwa dhati. Mlango wa kuingia kwenye turubai hiyo upo, na haukujengwa kwa ajili yako. Ulijengwa hasa kwa ajili ya watu wasioona. Programu inayowasomea skrini lazima ijue kwamba mchoro ule ni kitufe, kinaitwa hivi, na kinabonyezeka. Kwa Windows mlango huo siku hizi ni UI Automation, ambao ulikuja wakati wa Vista. Kwa Java kuna Java Access Bridge, ambayo inaweza kuwa imezimwa na huwashwa kwa amri ya jabswitch -enable. Maktaba kama pywinauto hupita mlango wa UI Automation: hukitafuta kitufe kwa jina na kukiambia kijibonyeze, bila kujali mausi iko wapi wala skrini ina ukubwa gani. Basi kama mtengenezaji wa programu hakujisumbua kuvipa vitufe vyake majina, akidhani hakuna mhasibu asiyeona, skripti yako nayo itakuta safu ya vitufe kumi na mbili, vyote havina jina. Wasioona wamekuwa wakilalamikia uzembe huu muda mrefu. Wewe umeufikia kupitia ankara.

Ukikipata kitufe na kukitumia ujumbe wa BM_CLICK kwa SendMessage, jiandae kwa kisa kizuri. Kitufe kinabonyezwa! Kinafungua kidirisha: "Una uhakika?" Na hapo kila kitu kinaganda. SendMessage hairudi mpaka kitufe kimalize kazi yake, kitufe hakimalizi mpaka kidirisha kijibiwe, na aliyepaswa kukijibu ni skripti, ambayo bado inaisubiri SendMessage. Wanaojua hutumia PostMessage, inayoacha ujumbe na kuondoka zake. Wasiojua humwita mtu aje abofye "Ndiyo".

Utashauriwa pia kuiendesha programu ya uhasibu kwa haki za msimamizi, kwa sababu nchi hii hakuna tatizo la kompyuta ambalo halijawahi kushauriwa dawa hiyo. Fanya hivyo, na uiache skripti na haki za kawaida. Tangu Vista, Windows ina ukuta uitwao UIPI unaomzuia wa chini kumtumia ujumbe wa juu yake. Kubofya kwako kutatupwa kimyakimya. Maelezo ya Microsoft yenyewe kuhusu SendInput, amri ya kutuma mibofyo, yanakiri kwamba thamani inayorudishwa na amri hiyo pamoja na ile ya GetLastError, zote mbili, hazitakuambia kuwa ukuta huo ndio uliokuzuia. Skripti na programu ziwe ngazi moja, basi. Siku nyingine lawama iangukie kwingine.

Sasa tuseme mchana inafanya kazi. Bosi atataka usiku. Ipange kwenye Task Scheduler na uchague iendeshwe hata kama hakuna mtu aliyeingia kwenye kompyuta, maana ndicho unachotaka, au siyo? Kitu kinachoendeshwa hivyo hupelekwa kwenye kikao namba 0, ambacho toka enzi za Vista hakina skrini ya kuonwa na mtu. Hakuna dirisha, hakuna kitufe, hakuna kishale. Ukiiacha kompyuta wazi lakini skrini ikajifunga, kubofya kwa mausi kunashindwa vilevile. Ukiingia kwa mbali kupitia Remote Desktop, ukaangalia skripti ikichapa kazi, ukaridhika na kulipunguza dirisha ili ufanye mengine, Windows inaacha kuchora kikao kile na kubofya kunakufa. Ukilifungua dirisha uone kuna nini, kunafufuka. Watu wazima wenye shahada wameamini kwamba skripti zao zinapenda kutazamwa.

Matokeo yake, ofisi nyingi zina kompyuta moja kwenye kona, skrini inawaka usiku kucha, na juu yake karatasi imebandikwa: USIGUSE! SKRIPTI INAENDESHWA. Mama wa usafi hajaambiwa skripti ni mnyama gani. Anainua mausi afute vumbi, kishale kinakimbilia kona ya skrini, na PyAutoGUI, ambayo imewekewa kona kuwa ishara ya dharura, inasimama kama ilivyofundishwa. Hana kosa. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta itaamka na kudai nenosiri, na hakuna wa kuliandika.

Hayo yote ni madogo ukilinganisha na ripoti. Uliandika skripti imalize kwa kumtumia bosi barua pepe: "Ankara 300 zimehifadhiwa." Imepata wapi namba hiyo? Imejihesabu yenyewe, mara ngapi iliamuru kubofya. Amri ya ControlClick ya AutoIt ikirudisha 1 inamaanisha amri imetoka salama; kama kitufe kiliipokea, na kama programu ilifanya chochote, si habari zake. Ndiyo maana bosi anaweza kupata ripoti ya ankara 300 siku ambayo hifadhidata haina hata moja, na akampongeza mtu.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha tena, andika skripti ikibofya iangalie namba ya ankara juu ya dirisha kama imebadilika. Isubiri ibadilike kwa muda wenye kikomo. Isipobadilika, ipige picha ya skrini nzima, iiandike saa, isimame palepale na iite mtu; isiendelee na ankara inayofuata. Iangalie kama kimejitokeza kidirisha ambacho haikukitarajia, ikisome kinasema nini na ikiandike pia. Mwisho iende kwenye hifadhidata au kwenye ripoti ya programu yenyewe ikahesabu ankara zilizopo, na namba hiyo ndiyo imfikie bosi. Ukimaliza, ile mistari mitatu itakuwa imefika mia mbili, na katika hiyo ni mmoja tu unaobofya kitufe.