Saa Moja na Nusu ya Nani?

Katika shule niliyosoma, mwanafunzi mmoja tu hakuweza kuchelewa, naye alikuwa mgonga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, na kipande cha nondo cha kuigongea alikwenda kulala nacho kwao, kisije kikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sheria za shule zilisema masomo yanaanza saa moja na nusu asubuhi, na saa moja na nusu ilifika pale ringi ilipolia. Kwa hiyo mwenye nondo akipitiwa na usingizi, shule nzima ilikuwa imewahi. Siku kama hizo hata sisi tuliotoka mbali, Kimara, tulijikuta tumesimama paredini kabla ya wakati, na mwalimu wa zamu akatusifu kwa kujirekebisha.

Siku nyingine zote, muda ulikuwa mali ya konda.

Mtu ambaye hakusoma Dar es Salaam anaweza kudhani kwamba mwanafunzi akitoka nyumbani mapema atafika shuleni mapema. Hizo ni hesabu za watu wanaokaa nyuma ya shule. Leo mtu mzima hulipa shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, na mwanafunzi, au denti kama anavyoitwa mlangoni mwa daladala, hulipa 200. Enzi zetu viwango vilikuwa vingine, lakini konda alipiga hesabu hizihizi: denti ni theluthi ya abiria, ila makalio yake yanajaza kiti kizima. Serikali iliweka nauli ile ili kutusaidia, na kweli ilitusaidia sana kubaki kituoni. "Denti wawili tu!" konda alitangaza, huku tukiwa tumejipanga toka kwenye nguzo ya umeme hadi kwa muuza vitumbua.

Basi tukabuni mbinu. Wapo waliovaa koti la baba juu ya sare, wakakunja uso na kusafisha koo kama wanaowahi ofisini. Tabu ya kujifanya mtu mzima ni kwamba konda hakatai: anakusalimia "Shikamoo mzee," anakupisha upande, halafu anakudai nauli ya mzee. Wengine tulikuwa tunageuza. Unapanda gari linalorudi Kimara Mwisho, yaani linalokwenda kinyume kabisa na shule, ili ukae kitini na ligeuke nawe. Unalipa mara mbili, na baada ya nusu saa unapita mbele ya kituo chako mwenyewe, ukiwapungia mkono wenzako walioachwa. Na kiti chenyewe? Kituo kinachofuata anapanda mama na kapu lake, gari zima linapiga kelele, "We denti, huoni mama amesimama?" Umelipa mara mbili, na umesimama.

Mvua zikianza, hata konda alikuwa hana mamlaka tena. Mto Msimbazi ulipanda barabarani pale Jangwani, Barabara ya Morogoro ikafungwa, na jiji likagawanyika: wenye shule upande wa mjini, na sisi wenye wanafunzi upande wa Magomeni. Mwalimu wetu mmoja alikuwa akikaa Upanga na kuja kwa miguu. Tulipofika saa nne, suruali zimelowa hadi magotini, alitutazama kwa masikitiko akasema kwamba watoto wa Kimara hatujafundishwa kuamka. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kwenye barabara hiyohiyo, yakapewa njia yao peke yao, isiyoingiliwa na mtu. Mto Msimbazi haukupewa taarifa.

Getini utaratibu ulikuwa mfupi. Kiranja aliandika majina, mwalimu wa zamu alisikiliza maelezo, na maelezo hayakubadilisha chochote. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne na kila adhabu iandikwe kitabuni. Getini kwetu fimbo naikumbuka vizuri, kitabu hakinijii. Baada ya fimbo tuligawiwa makwanja. Aliyechelewa dakika kumi alifyeka nyasi mpaka kipindi cha pili kiishe, kusudi ajue thamani ya dakika kumi. Matokeo yake ni kwamba majani ya shule ile hayakuwahi kuvuka kifundo cha mguu, na wakaguzi walipokuja, mkuu wa shule alipongezwa kwa mazingira safi. Hakuna aliyewaambia wakaguzi kwamba bustani ile ilitunzwa na foleni ya Ubungo.

Kuchelewa kulikuwa na unafuu, maana walau ulionekana umefika. Kazi ilikuwa kwenye mahudhurio. Darasani tulizidi themanini, na muhula mmoja tuliletewa mwalimu wa mazoezi ambaye alitujua kwa daftari tu. Jirani yangu wa dawati alikuwa na shughuli nzito siku hiyo, kwenda kuwaona Simba wakifanya mazoezi, akaniomba nimwitikie. Jina langu liliposomwa nikasema "Nipo, mwalimu" kwa sauti yangu. La kwake liliposomwa nikaitikia kwa sauti nzito ya kifuani, naye akawekewa alama ya vema bila shida.

Hazikupita dakika tano, akaingia karani na orodha ya wasiolipa mchango wa mlinzi. Jina la jirani yangu lilikuwa la kwanza. "Huyu yupo," mwalimu akasema kwa furaha, "ameitika sasa hivi. Asimame." Macho ya wanafunzi themanini yakanigeukia kwa upendo. Nikasimama. Nikaambiwa nibebe madaftari yangu, nirudi nyumbani, nisionekane tena mpaka nije na mchango.

Nikafika getini. Mlinzi akanizuia: saa za masomo haruhusiwi mtu kutoka bila karatasi ya ruhusa. Nikamweleza kwamba nimefukuzwa. Akataka karatasi ya kufukuzwa. Darasani siwezi kurudi, nje siwezi kutoka, na mwenye deni yuko uwanjani anashangilia. Nikakaa na mlinzi kibandani mpaka saa nane mchana, akinisimulia kwa uchungu kwamba mwezi wa pili huu hajalipwa, kwa sababu kuna watoto wakorofi hawataki kutoa mchango.

Mchana daftari liliitwa tena. Jirani yangu alikuwa amesharudi, akaitika kwa sauti yake mwenyewe. Mimi sikuwepo. Mwisho wa muhula ripoti yake ilisema mahudhurio yake ni ya kuridhisha, na ya kwangu ikasema nina dalili za utoro. Mimi, niliyekuwa ndani ya uzio wa shule tangu asubuhi, nikilindwa!

Wanangu wamesalimika na hayo. Tangu 2016 elimu mpaka kidato cha nne ni bila ada, na michango ya lazima ilipigwa marufuku. Kilichobaki ni saa moja na nusu, na sasa nimeingia upande wa pili wa geti, upande wa wazazi, ambako nimegundua kwamba makwanja hayagawiwi.

Juzi tuliitwa kikao saa tatu asubuhi. Ajenda ya kwanza, kwa herufi kubwa: UCHELEWAJI NA UTORO WA WANAFUNZI. Saa tatu tulikuwa wazazi wachache na viti vingi. Saa nne akaja mwenyekiti, akaomba radhi kwa foleni, na wote tukamwelewa. Saa tano kasoro akaja mgeni rasmi, tukampigia makofi kwa kupata nafasi. Akazungumza kwa hisia juu ya kizazi kisichojali muda. Nje ya dirisha vijana wawili waliofika saa moja na dakika arobaini walikuwa wanafyeka.

Ilipofika zamu ya wazazi nikanyoosha mkono. Nikapendekeza kwamba adhabu iwe ya wote: mzazi akichelewa kikao naye apewe kwanja, eneo la nyuma ya maabara bado lina majani. Kukawa kimya kidogo. Mwenyekiti akanishukuru kwa mchango mzuri, akamwelekeza katibu auandike kwenye muhtasari, ukajadiliwe kwa kina kikao kijacho.

Kikao kijacho kiliahirishwa. Akidi haikutimia.